Matabishi ya Mahindi

Jumatano, saa kumi ya mchana.

Chumba cha nyuma kwa muuza pombe kali ya lutuku, cité ya Waafrika ya Élisabethville, kilinuka pombe iliyochacha na miguu ya wanaume. Adalbert, mkubwa wa wezi watatu, alichokonoa meno kwa msumari, akaupangusa kwenye suruali.

« Leta, ile serikali, inalipa balimaji matabishi, zawadi juu ya bei ya mahindi. Karani analeta sanduku. Kila muntu anatia kidole mu wino, anapokea. Sisi hatugusi sanduku. »

« Tunagusa nini? » Kalaba akauliza.

« Balimaji. Ukiiba Leta, inatuma askari mpaka ndani ya choo. Ukiiba mulimaji, inamwambia pole. »

Kalaba akacheka mpaka akapaliwa. Donat, dereva wao, hakucheka. Alikuwa amekubali kuiba sanduku la serikali, si kupora vikongwe wenye matope miguuni. Hata hivyo alibaki ameketi, na hilo ndilo lililomtia kinyaa zaidi.

« Kijiji gani? »

« Upande wa Mokambo. »

Donat akashusha pumzi. Mama mkwe wake alilima Kasomeno, njia nyingine kabisa.

Alhamisi, saa kumi na moja alfajiri.

Kamyo ilitoka mjini, Kalaba amelala nyuma. Penye njia panda Adalbert akamgusa Donat bega.

« Kata njia ya Kasenga. Tunaenda Kasomeno. »

« Mukubwa, ulisema Mokambo! »

« Nilisema mbele ya Kalaba. Ule akilewa, mudomo yake ni kengele ya misa. »

« Mama ya bibi yangu Laurentine iko kule. »

« Basi vaa mufuko yako ya kuficha uso muzuri. Akikujua, yeye ndiye nitaua. Wewe unajua kuendesha. »

Saa tano kasoro robo, Kasomeno.

Karani alikuwa anafunga daftari. Wakulima walitoka mmoja mmoja, noti zimefungwa kwenye ncha za vitambaa. Watatu wale wakachomoka kwenye majani marefu na bunduki, nyuso ndani ya mifuko ya unga yenye matundu. Askari wa karani alikuwa wa kwanza kukimbia. Donat akafunga njia.

Mzee mmoja alichelewa kufungua fundo. Kalaba akalikata kwa meno, ute ukamdondokea mzee mkononi.

Ndipo Mama Mumba, mama wa Laurentine, akaja na ile njia, hatua tano kutoka kwa mkwewe.

Mwili wa Donat ulitangulia akili. Akatoka njiani, akageuza mgongo, akachuchumaa ndani ya nyasi, kichwa chini, jinsi mwanaume wa kwao anavyofanya kila anapokutana na mama wa mke wake. Miaka sita alikuwa akifanya hivyo. Bunduki ililala juu ya magoti.

Mwanamke mmoja akasema, « Ee! Mwizi iko na haya ya mukwe! »

Mama Mumba naye alikuwa amekwisha kugeuka, kitambaa usoni, jinsi mama mkwe naye anavyopaswa. Peke yake katika wote.

« Amekujua, » Adalbert akasema. Akainua bunduki.

« Mukubwa, hakuona sura. »

« Sogea. »

Donat akasimama. Akarudi njiani, akamkinga mama mkwe, akafyatua. Adalbert akaanguka akitukana, damu na lutuku vikimtoka mdomoni. Kalaba hakumtazama hata mara moja. Alikwapua mfuko wa pesa, akaruka ndani ya kamyo, akaiondoa kombokombo. Likabaki vumbi.

Saa tano na robo.

Wanaume walimfunga Donat kwa kamba za magome, wakamvua mfuko. Karani akatoka chini ya meza, akakung'uta magoti.

« Leta imelipa, » akasema. « Daftari ni hii. »

Yule mzee akajifuta ute mkononi.

Mama Mumba akaondoa kitambaa. Akamtazama Donat usoni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, kama mtu anayetazama nyama iliyooza.

« Mama, nimekuponyesha, » Donat akasema.

« Mungu ndiye ameniponyesha. Wewe ulikuja kuniiba. »

Akajifunga kitambaa upya, polepole.

« Laurentine nitamwambia mwenyewe. Usimwandikie barua. »