Valvu Isiyojitaja

Kipandio kilikuwa kimeshaiacha Nanyuki kilomita mia tatu chini, kikikwea waya wake mnene kuelekea angani, hewa ya chumba cha abiria ilipoanza kupungua. Walikuwamo watu kumi na mmoja.

Mwakio, mhandisi wa programu, aliikodolea macho skrini. Valvu ya hewa haikuwemo kwenye orodha ya vifaa.

“Jana ilikuwepo,” alisema Chebet, fundi wa kipandio.

“Jana kulikuwa na kiini cha zamani.”

Kiini ni sehemu ya ndani kabisa ya programu, ndiyo inayosema na kila kifaa. Vifaa vya siku hizi ukivichomeka tu hujitaja vyenyewe. Kifaa cha waya wa mfuatano, ule unaopitisha habari moja baada ya moja, hukaa kimya mpaka mtu akiambie kiini: tundu fulani lina valvu, ongea nayo. Mwakio alikuwa ameuliza nani yupo kwenye nyaya hizo. Kimya. Basi akaufuta kwenye kiini msaada wote wa nyaya hizo, yaani maagizo ya kuongea nazo, akasifiwa kwa usafi.

“Unaweza kuurudisha?”

“Ninao hapa. Lakini matundu ni mawili, dada. Moja valvu, jingine breki. Nikikosea, breki inaachia.”

“Karatasi ya matundu?”

“Niliitupa.”

“Wasomi nyinyi. Mnafagia mpaka mlango.”

Chebet alivaa barakoa ya hewa ya dakika sita, akawapita abiria waliokuwa wakihema, akaingia chumba cha nyaya, nacho hewa yake nyembamba vile vile; mlango ukajifunga nyuma yake. Akaufuata waya wa valvu kwa vidole, nyuma ya mabomba. Dakika nne zikapita.

“La kushoto,” alisema redioni.

“Una hakika?”

“Nimeushika, Mwakio. Andika.”

Akaandika. Valvu ikaitika, hewa ikawarudia abiria. Hewa hiyo hiyo ikaukandamiza mlango wa Chebet, uliofungukia upande wao.

“Mbona haufunguki?”

“Mpaka hewa ilingane. Dakika tisa.”

“Mimi nina moja.”

“Usiongee, dada. Pumua polepole.”

“Wewe ongea, basi.”

Akaongea dakika zote tisa.

Abiria wote walifika, wawili wakiumwa kichwa. Chebet alitolewa akiwa hai, hakuzinduka, akazikwa Iten. Mwakio alikiri mbele ya baraza la uchunguzi, akanyang'anywa leseni. Anatengeneza redio Voi. Msaada wa waya wa mfuatano ulirudishwa kwenye kiini.