Uzoefu wa Mzee Ambakisye

Kofia ilinguruma kidogo, ikapata joto, na baada ya dakika kumi na mbili Subilaga Mwakalobo, ambaye hakuwa amewahi kuendesha hata baiskeli, akawa na uzoefu wa miaka thelathini wa bodaboda.

Kofia hiyo iliitwa kihamishi. Ilichota ustadi wa barabarani kichwani mwa dereva anayestaafu na kuumimina kichwani mwa dereva mpya. Jijini Mbeya, mwaka 2079, kampuni za bima zilikuwa zimechoshwa na madereva wapya: walianguka, walivunjika, walidai fidia. Zikakubaliana kwamba asiye na uzoefu hapati bima, na bila bima pikipiki haiwaki. Sasa mtu atapataje uzoefu bila kuendesha? Hilo halikumsumbua mwenye kampuni hata mmoja, mpaka kihamishi kilipoletwa.

"Hakichukui kingine?" Subilaga alikuwa amemuuliza fundi wa bima kabla ya kuvaa.

"Barabara tu, dada," fundi alijibu. "Mengine yote anabaki nayo mwenyewe."

Wiki ya kwanza alifurahi. Alikuwa amekaa miaka miwili bila kazi, na sasa abiria walimgombania. Mikono tu ndiyo iliyomchanganya. Kila akipita mtaa wa Ilomba, ilitaka kukata kushoto. Aliikemea kwa sauti, watu wakamwangalia. Siku ya nane, saa tisa alasiri, akaiacha ifanye itakavyo. Ikakata kushoto, ikapita mashine ya kusaga, ikasimama mbele ya geti la bluu na kupiga honi mara mbili. Hata yeye alishtuka.

Mama mmoja mwenye mvi akafungua mbiombio, uso umechangamka, kisha ukanywea.

"Shikamoo, mama. Samahani, hata sijui nimefuata nini hapa."

"Marahaba." Mama aliitazama pikipiki. "Wewe ndiye uliyepewa uzoefu wa Ambakisye, eeh? Honi mbili hivyo ni za mume wangu. Pita ndani."

Mzee Ambakisye alikuwa amekaa ukingoni mwa kochi, amevaa koti, kama mgeni anayetaka kuaga.

"Mama Tumpe, tunarudi lini nyumbani?"

"Ndipo hapa, baba."

"Hapa ni kwa watu."

Mama Tumpe akamgeukia Subilaga. "Mimi ananijua. Watoto anawajua. Nyumba ndiyo haijui. Kila siku anaaga."

Subilaga akaelewa. Njia ya nyumbani nayo ni barabara, na kihamishi hakikujua kubagua. Alitoka uani, akampigia fundi simu.

"Inarudishika, dada," fundi alisema. "Ila bima yako inakufa hapo hapo. Na foleni ya kupata uzoefu mwingine ni miaka mitatu."

Alisimama pale akijitetea peke yake. Mzee alisaini mwenyewe. Yeye hakumwibia mtu. Kama hakumwibia mtu, mbona alishindwa kurudi ndani?

Alipoingia, mzee alimtazama kwa upole. "Unafanya kazi gani, mwanangu?"

"Naendesha pikipiki, baba."

"Kazi ngumu hiyo. Nani alikufundisha?"

Subilaga akababaika. "Ni wewe, baba."

Mzee alicheka mpaka akakohoa. "Mimi? Mimi pikipiki sijawahi kuigusa maisha yangu yote. Muulize mama hapo."

Mama Tumpe, ambaye siku ya harusi yake aliletwa nyumba hii akiwa nyuma ya pikipiki ya mumewe, aligeukia ukutani.

Subilaga aliona aibu, kisha hasira, asijue amkasirikie nani: fundi, kampuni, mzee aliyesaini au yeye mwenyewe.

"Inuka twende, baba," alisema.

"Nyumbani?"

"Tupitie kwanza kwa watu wa bima, kuna kitu chako nikurudishie."

Alimpandisha nyuma, akamfunga vifungo vya koti kimoja kimoja, akamwambia amshike vizuri. Ilikuwa safari yake ya mwisho kama dereva, na siku hiyo Mbeya nzima hakukuwa na dereva aliyekwenda polepole kama yeye.