Kiti cha Nyuma

Afisa wa uhamiaji pale Kavimvira, mpakani mwa Burundi na Kongo, aligonga muhuri kwenye pasiporti ya Gracien, akamrudishia, kisha akanyoosha mkono tena.

"Na ya huyu wa nyuma?"

Gracien aligeuka. Kiti cha nyuma cha skuta yake kilikuwa kitupu. Mizigo yake yote aliifunga mbele, katikati ya miguu, na pembeni.

"Miye niko peke yangu, chef."

Afisa alichungulia dirishani, akakunja uso. "Basi ameshuka. Nimemuona na macho yangu, alikushika kiuno."

Gracien alicheka kwa uchovu, akawasha injini. Siku ishirini na tatu za barabara zilikuwa zimemwachia midomo iliyopasuka na mgongo uliokakamaa kama ubao. Alikuwa mwalimu wa jiografia. Kwa miaka kumi na sita alikuwa amechora Ziwa Tanganyika ubaoni kwa chaki ya buluu, na kila mwaka aliwasimulia wanafunzi habari za Mpulungu, kule ncha ya kusini, mahali ambapo hakuwahi kupakanyaga. Likizo hii alichoka kufundisha asichokiona. Akapanda skuta yake ya cc 110, ya aina ambayo watu wa Uvira, mji wake, huendea sokoni, akavuka Burundi, akaingia Tanzania, akapita Kigoma, Mpanda na Sumbawanga mpaka Zambia. Mpulungu alinawa uso kwa maji ya ziwa lilelile la kwao, akalia kidogo, akageuza.

Nyumbani, mkewe Honorine aliacha cherehani yake akakimbia kumkumbatia. Katikati ya furaha ile pua yake ilinasa harufu ya nywele zilizoungua. Alidhani ni jasho la safari. Lakini Gracien alipoegesha skuta uani na kuingia ndani, Honorine aliona springi za nyuma hazikuinuka. Zilibaki zimebonyea, kama mtu aliyekaa anangoja kukaribishwa.

Asubuhi iliyofuata mama yake Gracien, Mama Generose, alikuwa akianua nguo. Mikono ilipomjaa alizitua shuka juu ya kiti cha skuta. Honorine alisikia kofi moja kavu, na alipotoka alimkuta mkwewe chini, mdomo umejaa damu, jino limelala juu ya shuka nyeupe.

"Nani amekupiga, mama?"

"Sijui." Mama Generose alinong'ona, macho yameganda kwenye skuta. "Mukono iko ya moto. Mukono kubwa."

Wanamaombi wa kanisa waliitwa. Waliimba, wakaweka mikono juu ya kile kiti, na haikupita robo saa wakatoka mbio, mmoja akishika bega lenye alama za meno.

Gracien ndiye hakutaka kuamini. Saa saba mchana, jua likiwa utosini, alichukua ndoo na kitambaa akaenda kuosha skuta yake. Honorine alikuwa jikoni akitwanga sombe, majani ya muhogo. Alimsikia mumewe akisema kwa sauti ya chini, "Niache," kisha tena, "Niache, nakuomba," na alipotoka na mchi mkononi akamkuta Gracien ameinuliwa, vidole vya miguu haviigusi ardhi, mkono wake wa kulia umevutwa nyuma ya mgongo na kitu kisichoonekana, unapanda polepole, unapanda hata pale ambapo mkono wa binadamu haupandi, mpaka mfupa ukalia kama ukuni mkavu na ncha yake nyeupe ikatokeza kupitia shati. Honorine alipiga hewa kwa mchi. Mchi ulitua kwenye nyama. Alipiga tena na tena, akiwa anapiga kelele, na kila pigo lilitoa mguno mzito, mpaka Gracien akaanguka kama gunia na springi za skuta zikabonyea tena kwa mlio.

Usiku ule, mkono ukiwa kwenye plasta, Gracien alisema ukweli.

"Mu pori, kati ya Sumbawanga na Mpanda. Siku mzima sikuongea na muntu. Upweke ikanishika. Nikasimama kukojoa, nikasema kwa sauti, kwa mchezo tu: kama kuna anayeenda Uvira, apande, kiti iko wazi." Aliuweka mkono wenye plasta magotini. "Nilipoondoka, skuta ikawa nzito. Nikasema ni uchovu."

"Na ulinyamaza?"

"Ningesema nini, Honorine? Mwalimu muzima?"

Mama Generose alimjua mtu wa kumwendea. Lubarika, huko kwenye uwanda wa Ruzizi, kuna mwanamke anayeitwa Josée, anayeuza mafuta ya pikipiki kwenye chupa kando ya barabara. Marehemu baba yake alikuwa mganga, na kazi ile alimwachia binti. Wenye pikipiki walimjua kwa yote mawili.

Walipakia skuta kwenye lori. Wanaume wanne waliinua wakitukana, maana ilikuwa nzito kama ng'ombe. Josée, mwanamke mnene mwenye kanga iliyonuka petroli, aliizunguka mara moja tu. Hakuigusa.

"Huyu hakuingia mu mwili ya bwana yako," alimwambia Honorine. "Alipewa kiti, na kiti ndiyo anashikilia. Mukimufukuza ataua muntu, maana anajua alialikwa."

"Tuchome skuta, dada?"

"Mukichoma kiti, atakaa mu nyumba." Josée alinyoosha kidole magharibi, kule milima ilikoanzia. "Weye ulishapandaka Lemera na moto, hii pikipiki? Mu kona ya tatu, moto ndogo yenye batu babili inashindwa. Motard, mwenye kuiendesha, anasema nini?"

"Anasema: shuka kidogo, utembee."

"Na abiria anashuka?"

"Anashuka."

"Hata yeye atashuka. Pale haumufukuzi. Ni sheria ya barabara." Aliutazama mkono wa Gracien, akatikisa kichwa. "Huyu hawezi. Nani mwingine anajua kuendesha?"

Gracien alikuwa amemfundisha Honorine kwenye uwanja wa shule, jioni chache tu, wakicheka. Hakuwahi kuendesha barabarani. Alivua viatu vya wazi, akaazima raba za Josée.

"Akishuka, kamata njia," Josée alisema. "Usisimame, usigeuke, mupaka soko ya Lemera. Atakufuata kwa miguu. Akichoka, atatafuta kiti ingine."

"Kiti ya nani?"

Josée alijifanya anafunga chupa. "Hiyo haiko kazi yako."

Ilikuwa saa nne asubuhi. Katika tambarare ya mashamba ya mpunga skuta ilikwenda, ingawa usukani ulielea kwa uzito wa nyuma. Mikono ilimzunguka Honorine kiunoni. Ilikuwa ya moto, na ilikuwa mirefu kiasi kwamba viganja vilikutana mbele na kurudi tena mbavuni. Hakupiga kelele. Kona ya kwanza ya mlima ilipita. Kwenye kona ya pili injini ilianza kulia, na yule wa nyuma, kana kwamba amesikia hesabu ya mlima, akaanza kubana, akabana mpaka Honorine akahisi ubavu mmoja ukiachia, akamuuma shingoni chini ya kilemba, akavuta nywele kwa mafungu na kuzing'oa na ngozi yake, na damu ikamteremkia ndani ya blauzi, ya moto kisha baridi, na bado Honorine alishikilia mafuta hadi mwisho, akikazia macho mawe ya barabara, akijiambia jiwe hili, sasa lile, sasa lile, mpaka kwenye kona ya tatu tairi likazunguka bure mahali pamoja na injini ikazimika.

Pumzi yenye harufu ya nywele zilizoungua ilimpiga sikioni.

"Shuka kidogo," Honorine alisema. Maneno aliyasema kama wasemavyo wenye pikipiki kila siku. "Tupande mulima. Moto haina nguvu."

Hakuna kilichosogea. Kisha springi zikainuka, taratibu, na kwenye vumbi pembeni yake zikaonekana nyayo mbili, ndefu kama mkono kutoka kwenye kiwiko mpaka vidoleni.

Aliwasha. Skuta iliruka mbele nyepesi kama mbuzi. Nyuma yake alisikia hatua, pa, pa, pa, na kisha mlio wa hasira uliofanya kunguru watoke mitini. Hakugeuka. Alipita kona ya nne. Mbavu zilimchoma, lakini alianza kulia kwa furaha.

Ndipo alipomwona kijana wa pikipiki akiteremka. Alikuwa amezima injini ili kuokoa mafuta, anapiga mluzi, anateremka na mteremko. Nyuma yake kiti kilikuwa wazi.

Honorine angeweza kupita. Aliambiwa apite. Alipiga breki, akaiweka skuta katikati ya njia.

"Mama! Unataka kuniua?" Kijana alisimama kwa kuburuza miguu. Kisha akaiona damu. "Ni nani amekupiga hivi?"

"Jina yako nani?"

"Marcellin."

"Marcellin, chini kule kuna kitu kinakuja. Kinatafuta kiti. Ukishuka hivyo, utakufa."

Kijana alitaka kucheka. Lakini kwenye kona ya chini majani ya kando ya barabara yalianza kulala, fungu kwa fungu, kwa mwendo wa mtu anayepanda kwa hasira. Njia ilikuwa nyembamba, na moto yake ilielekea huko huko. Nafasi ya kugeuza haikuwapo.

Honorine aliitupa skuta pembeni, akaruka akakaa kwenye kile kiti cha Marcellin, akamkumbatia kijana kwa nguvu zote.

"Sasa iko na muntu. Enda!"

Walikutana nacho katikati ya mteremko. Honorine aliinamisha kichwa. Kucha zilimpita mgongoni kama jembe kwenye udongo laini, kisha zikashika sikio lake la kushoto, na moto iliposonga mbele sikio lilibaki nyuma. Kitu kile kiling'ang'ania chuma cha keria, kikaburuzwa hatua ishirini, moto ikiyumba huku na huku, Marcellin akiita jina la mama yake, halafu kikaachia.

Hatua zilisikika zikikimbia kupanda, na juu yao injini ya skuta iliwaka. Hapakuwa na mtu huko. Mafuta yalivutwa mpaka mwisho, skuta ikaja ikiteremka.

"Kamata ukuta!" Honorine alipiga kelele. Marcellin aliibana moto kwenye udongo wa mlima. Skuta iliwapita kwa kasi, usukani umenyooka kama umeshikwa, kiti cha mbele kimebonyea. Yule abiria hakujua breki. Kwenye kona ya tatu ilikwenda moja kwa moja hewani, na wakasikia chuma kikigonga mwamba mara nne, kila mara mbali zaidi.

Walibaki wameshikana, wakihema. Kutoka bondeni, kwa sauti ya adabu kabisa, kama abiria anayesimamisha pikipiki, mtu aliita, "Psst! Moto!"

Mbavu za Honorine ziliunga, na siku hizi hufunga kilemba chake chini upande wa kushoto. Mkono wa Gracien haukunyooka tena. Huchora ziwa ubaoni kwa mkono wa kushoto, na wanafunzi hucheka jinsi lilivyopinda. Akiulizwa kuhusu safari, husimulia Mpulungu, kisha hurudia chaki yake. Mama Generose amekataza hata baiskeli uani.

Marcellin bado anafanya kazi kwenye njia ya Lemera, kwa kuwa ana watoto na hana kazi nyingine. Akiteremka, humchukua yeyote anayemwona akitembea kwa miguu, bure. Akikosa mtu, hufunga gunia la mchanga kwenye kiti cha nyuma, akalikaza kwa mpira. Wenzake wanamcheka. Hasimami akiitwa na mtu asiyemwona, hata sauti iwe ya mwanamke mwenye mtoto. Na siku nyingine, akifika Lubarika na kufungua mpira, hukuta gunia limepasuliwa upande mmoja, mchanga wote umemwagika njiani, na kiti kilichokuwa chini yake kina joto.