Tangawizi Iliyopanda Ndege

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule mjini Same, Careen humsaidia bibi yake kuosha tangawizi iliyoshuka kutoka milimani. Ni kali hiyo! Bibi Honorata husema mbuzi wa jirani aliionja akapiga chafya mpaka pembe zikalegea.

Jumamosi ile mikono ya Careen ilikuwa kwenye beseni, lakini macho yalikuwa angani. Yeye na Isihaka, mwanafunzi mwenzake, walikuwa wameshinda shindano la jiografia. Rubani Asteria, mzaliwa wa Ugweno, aliahidi kuwapeleka pwani kwa ndege yake ndogo. Wangetua karibu na ufukwe wa Pangani, wachezee maji, kisha waende Tanga.

"Tanga yupo shangazi yako," Bibi alisema. "Utaendaje mikono mitupu? Watu watasema hukulelewa."

"Lakini Bibi, rubani atapima mizigo yote."

"Mwache apime. Akishapima, nitakupa."

Uwanjani upepo wa Same ulivuma kwa fujo, ule upepo ambao ukipiga mwayo tu, unameza vumbi la kutosha kujenga ukuta. Rubani aliwapima wote wawili, pamoja na mabegi. Begi la Careen lilikuwa na sweta tu. Rubani alipogeuka kukagua mafuta, Bibi akamwita mjukuu wake kwenye uzio. Kufumba na kufumbua, begi likajaa. Careen akarudi akitabasamu kama mtu aliyebeba pamba, huku bega moja limeinama.

"Begi lako limekula nini?" Isihaka alinong'ona.

"Nyamaza wewe!"

Ndege ilikimbia, ikakimbia, ikainuka kwa uvivu mwishoni mwa uwanja.

"Leo imekuwa nzito," sauti ya rubani ilisikika kwenye hedifoni. "Labda ni hili joto."

Milima ya Upare ilipita kushoto, kisha ya Usambara, kisha bahari ikatokea. Isihaka akapiga kelele za furaha. Careen hakutazama. Alisogeza begi kwa mguu, akalirudisha, akalisogeza tena.

"Mbona hutulii? Umekalia siafu?" Isihaka aliuliza.

Rubani alionyesha chini. "Kiwanja chetu kile pale, karibu na minazi. Ni kifupi, na nyasi zimelowa mvua. Lakini uzito wetu naujua, tutasimama vizuri."

Careen aliitazama ile minazi. Ilikuwa karibu mno na mwisho wa kiwanja. Isihaka alikuwa ameshavua viatu.

"Rubani," Careen alisema, "huujui. Begi langu limejaa tangawizi. Niliipakia baada ya kupimwa."

"Nyingi?"

"Siwezi kuliinua kwa mkono mmoja."

Rubani Asteria hakugomba. Aliipandisha ndege juu. "Hapa hatutui. Twende Tanga, kuna uwanja mrefu."

"Na kuogelea je?" Isihaka aliuliza. "Careen! Viatu nimeshavua!"

"Nisamehe, Isihaka."

Isihaka alinuna. Lakini Careen, kwa mara ya kwanza tangu waruke, alitazama nje. Mikoko ilikuwa ya kijani kibichi, mchanga mweupe kama unga wa muhogo, na mawimbi yalijikunja na kujikunjua. Akamgusa mwenzake. "Ona kile kisiwa!" Isihaka akasahau kununa.

Walipotua Tanga, Shangazi Devotha aliwapokea kwa shangwe, akawapikia chai ya tangawizi hiyohiyo. Rubani alipiga funda, akakohoa, machozi yakamtoka.

"Careen," alisema, "kumpelekea ndugu zawadi ni desturi nzuri. Ungeniambia mapema, ningepunguza mafuta, tukapata nafasi ya tangawizi. Mzigo ninaoujua naweza kuubeba. Ulionificha ndio ungetuangusha. Ukweli usemwe mapema, hata ukiwa mkali kama chai hii."

"Nimeelewa, rubani. Bibi naye nitamweleza."

Wakati wa kurudi, Shangazi akamvuta Careen pembeni, akamsukumia kifurushi cha samaki wakavu chini ya kanga. Careen akakiinua juu kichwani.

"Rubani! Mizani iko wapi?"