Mikono Juu ya Maji

Mshale alikuwa amechoka kutembea bila kufika popote. Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, alitembea ndani ya bwawa la kuogelea la chuo kutoka ukuta hadi ukuta, kisha akageuka na kurudi alikotoka. Maji yalikuwa ya uvuguvugu, yakinuka dawa, na ngozi ya vidole vyake ilijikunja kama ya bibi kizee.

Shuleni msichana huyu alipewa jina hilo kwa sababu ya mbio. Katika mbio za kupokezana vijiti, yeye ndiye aliyekuwa akimalizia, na mara nyingi alimaliza wa kwanza. Lakini alikanyaga shimo uwanjani, kifundo cha mguu wa kulia kikateguka vibaya. Sasa Mshale alikuwa anachechemea, na mashindano ya shule zote yalikuwa Jumamosi ya wiki hiyo.

Aliyemtibu alikuwa mtaalamu wa viungo wa timu za chuo. Wanamichezo wote walimwita Fizio. Alikuwa mwanamke mwenye sauti ya kukwaruza, aliyeanza kazi kabla ya jua na kumaliza baada ya jua kuzama. Siku ya kwanza alimweleza Mshale jambo ambalo lilikuwa rahisi kulielewa.

"Maji yakikufika kifuani, yanakubebea sehemu kubwa ya uzito wako. Mguu unafanya kazi bila kuteswa. Ukipata nafuu, tunasogea kwenye kina kifupi, maji yanakubebea uzito mdogo zaidi. Mwisho tunatoka nje, unajibeba mwenyewe. Nitakuuliza kila hatua kama unaumia. Sawa?"

"Sawa, Fizio."

Mama yake Mshale aliketi kwenye benchi la pembeni, mkoba mapajani, amesinzia. Kazi yake ilikuwa kupiga pasi katika kiwanda cha kushona nguo, wima kutwa nzima, na jioni miguu yake ilivimba hata viatu vikakataa kutoka. Kwa ajili ya bwawa hili aliamka mapema kuliko kawaida. Hakulalamika hata siku moja, na hilo ndilo lililomuumiza Mshale kuliko kifundo.

Jumanne, Fizio alimsogeza mahali ambapo maji yalimfika kiunoni.

"Simama kwa mguu mbovu peke yake. Usishike kitu. Mpaka niseme basi."

Mshale aliinua mguu mzima. Maumivu yakamchoma kifundoni kama sindano. Nyuma yake, chini ya maji, kulikuwa na bomba la kushikilia lililozunguka ukuta. Fizio alisimama mbele, juu ya ukingo, na mwanga wa dirisha ulikuwa unametameta juu ya maji. Mshale akarudisha mkono nyuma polepole, akalikamata bomba kwa vidole viwili. Mguu ukatulia.

"Unaumia?"

"Hapana."

"Hata kidogo?"

"Hata chembe."

Fizio akatabasamu, jambo ambalo halikutokea mara nyingi asubuhi. "Basi. Kesho tunajaribu nchi kavu. Ukifaulu, nampigia simu mwalimu wako wa michezo."

Mama alizinduka kwa sauti hiyo. "Kwa hiyo kesho ndiyo mwisho wa kuja huku?"

"Nadhani hivyo, mama," Fizio akajibu.

Mama akashusha pumzi ndefu, uso wote ukalegea. Mshale alifurahi kuuona uso ule, na papo hapo akajisikia vibaya.

Mlangoni alimkuta Beki, mchezaji wa mpira wa chuo, pande la mtu, amejifunga taulo gotini. Alikuwa kwenye maji hayohayo pamoja naye, na kazi yake kubwa ilikuwa kutania watu. Leo hakutania.

"Mdogo wangu, lile bomba nalifahamu," alisema kwa sauti ya chini. "Mwaka jana nililishika vilevile. Nikapasishwa, nikarudi uwanjani, goti likakatika vizuri zaidi ya mara ya kwanza. Unadhani nakuja huku kwa sababu napenda kuoga?"

"Utamwambia?"

"Mdomo ni wako." Akaondoka akichechemea.

Jioni, Mshale aliteremka ngazi za nyumbani na ndoo ya maji. Kwenye kidato cha mwisho kifundo kikamsaliti. Ndoo ikaanguka, maji yakamwagika hadi kwa jirani.

"Kuna nini?" mama aliuliza kutoka ndani.

"Nimeteleza tu."

Ulikuwa uongo wa pili kufunika wa kwanza. Mama alitoka na tambara, akainama kudeki huku ameshika kiuno. "Afadhali kesho tunamaliza," alisema. "Keshokutwa nitalala mpaka jua linichome."

Asubuhi, Fizio alitandika mkeka kando ya bwawa. "Ruka kwa mguu wa kulia. Taratibu."

Mshale alitazama mkeka. Akamtazama mama, ambaye leo hakusinzia. Alijua kwamba akisema kweli, Jumamosi hatakimbia, na mama ataendelea kuamka gizani. Akili ilimwambia aruke. Miguu ikakataa.

"Fizio, nilishika bomba," akasema, na machozi yakatangulia maneno mengine. "Jana. Niliumia, nikasema siumii. Na jana jioni mguu ulikunjika tena. Mama, sikuteleza."

Ndani ya maji Beki aliacha kutembea. Fizio hakufoka. Aliketi kwenye ukingo, akatumbukiza miguu majini na viatu vyake vya plastiki, kama mtu aliyeishiwa nguvu.

"Mimi naweza kupima uvimbe," alisema. "Naweza kuona mguu unavyojikunja. Maumivu siyaoni. Hayana rangi. Ninachotegemea ni ulimi wako. Ukinidanganya, ninatibu mguu usiokuwepo, na ule wenye shida unabaki peke yake. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Wewe umeumbuliwa na ndoo tu. Shukuru."

"Mama amechoka," Mshale alisema kwa kwikwi. "Nilitaka apumzike."

Mama alikuja, akaketi karibu naye kwenye mkeka. "Ni kweli nimechoka, mwanangu. Lakini uchovu wangu nikilala unaisha. Mguu ukiharibika hautapona kwa kulala. Usinipe zawadi ya uongo, nitakuja kuilipia baadaye."

Jumamosi Mshale alikaa jukwaani akiwashikia wenzake masweta. Msichana mwingine alipokea kijiti cha mwisho, timu ikawa ya nne. Alilia, na hakuna aliyemwambia anyamaze.

Jumatatu alirudi kwenye kina kirefu, ukuta hadi ukuta. Mama akasinzia kwenye benchi. Wiki zikapita hivyo, za kuchosha, zikifanana kama sahani za seti moja. Siku nyingine Fizio alipouliza, alijibu, "Naumia kidogo," wakabaki palepale. Siku nyingine alijibu, "Leo siumii," nao wakasogea.

Hatimaye maji yakawa kiunoni tena.

"Simama kwa mguu mmoja," alisema Fizio. "Ila siku hizi nina sheria mpya, kwa wote. Mikono juu ya maji, niione."

Mshale aliinua mikono yote miwili. Mguu ukatetemeka, ukatulia. Upande wa pili Beki naye alikuwa ameinua mikono, kama mtu aliyekamatwa na polisi.

"Unaumia?"

Mshale akausikiliza mguu kabla ya kujibu. "Hapana, Fizio."

Fizio hakumuuliza mara ya pili. Alimgeukia mama, akamgusa bega taratibu.

"Mama, amka. Safari hii ni kweli."