Gesi Iliyokataa Kuwa Plastiki

— Huu mwandiko ni wa nani?

Mkemia alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba changu cha mashine, daftari la vipimo mkononi. Alikuja kuhakikisha tarakimu moja tu kabla ya kupanda jukwaani saa nne kutangaza matokeo yake. Nilipoona ukurasa alioushika, nikazima mashine.

— Wangu.

— Nisomee.

— Mpenzi, kaa kwanza...

— Nisomee, Fundi!

Nikasoma:

— "Mashine ilikosea. Sampuli nimeipima upya. Gesi iliyoingia kwenye plastiki si arobaini kwa mia. Ni mbili."

— Na tarehe?

Ilikuwa ya miezi saba nyuma.

Miaka sita mwanamke huyu alihangaika na hewa ya ukaa, ile inayotoka kwenye mabomba ya moshi viwandani. Aliibana kwenye mtungi wa chuma pamoja na kemikali nyingine, akaipasha moto, akiomba igeuke plastiki. Wenzake walimtania eti anafuga moshi. Mimi ndiye niliyempimia kila sampuli, na katika kupima huko moyo ukanasa. Kila nilipomtajia ndoa alicheka: "Moshi wangu ukikubali, na mimi nitakubali."

Siku mashine iliposema arobaini, alinirukia shingoni mbele ya Profesa, mkuu wa maabara yetu.

— Nimekubali, Fundi! Nimekubali!

Siku tatu baadaye nikagundua kosa, tena langu mwenyewe: niliiweka mashine sawa kwa sampuli ya mfano isiyofaa. Plastiki ilikuwepo kweli, ila karibu yote ilitokana na ile kemikali nyingine. Gesi ilikuwa imekataa. Lakini mama yake alishawapigia simu ndugu wote kuwatangazia kazi na harusi. Nikaandika ukweli daftarini, nikafunga daftari, nikafunga na mdomo.

— Uliandika haya, halafu ukaja kwetu ukakaa na wajomba zangu, ukala, ukacheka?

— Nilitaka kukwambia.

— Lini? Tukishazaa?

— Nilikuona ulivyofurahi. Niliogopa kukupoteza.

— Kwa hiyo ukaniacha nitembee uchi mbele za watu, eti kwa sababu unanipenda?

— Nakupenda kweli.

— Unaipenda ile siku niliyokubali. Mimi hukunifikiria hata kidogo.

— Basi niingie mimi ukumbini, niseme kosa ni langu.

— Jina lililoandikwa kwenye matokeo ni langu. Kaa hapo hapo.

Sikukaa. Nilisimama nyuma ya ukumbi, mgongo ukutani. Alipanda, akashika kipaza sauti kwa mikono miwili.

— Nilikuja kuwaambia tumefaulu. Hatujafaulu.

Profesa akavua miwani. Mtu mmoja mbele akauliza:

— Nani alikosea?

— Vipimo vilikosewa, na mimi sikuvihakiki kwingine.

Hakunitaja. Afadhali angenitukana.

Jioni simu ikaita. Mama yake.

— Mwanangu, naambiwa harusi haipo. Umempiga?

— Hapana, Mama.

— Una mwanamke mwingine?

— Hapana, Mama.

— Sasa umemfanya nini?

— Nilimficha ukweli wa kazi yake. Miezi saba.

Nikasikia akivuta kiti.

— Miaka sita nimemwona binti yangu akikonda kwa kazi hiyo. Bora ungekuwa na mwanamke mwingine, baba. Huyo tungemfukuza.

Akakata.

Wiki iliyofuata niliacha kazi, nikapata nyingine kwenye kiwanda cha rangi, mbali na kila alichowahi kushika. Nilimwandikia mara ngapi sijui. Hakujibu hata nukta.

Mwaka na miezi miwili ikapita. Mchana mmoja, tukiwa kwenye mapumziko, simu ikatetemeka mezani:

"Fundi. Gesi imeingia. Kumi na moja kwa mia. Nimepima kwenye maabara tatu tofauti. Nimeona usiyasikie haya kwa watu."

Nikaandika:

"Hongera sana. Ulistahili siku nyingi. Naomba nije nikuone, hata dakika tano."

Nikaona anaandika. Akaacha. Akaandika tena.

"Nimekusamehe, tena kwa moyo mweupe. Lakini usije. Kila ukiniambia kitu, nitataka kwenda kukipima kwingine. Mke gani ataishi hivyo?"

Nilisoma mpaka kioo cha simu kikazima chenyewe. Halafu nikalia, mtu mzima na ndevu zangu, mchana kweupe, wenzangu wakitazamana bila kujua waniulize nini.