Kijitundu Kwenye Ncha ya Risasi

Kila Jumamosi asubuhi Chiriku alikuwa na kazi tatu. Alifagia uwanja, akawawekea kuku maji, kisha akaingia chumba cha mbele kupangusa vumbi kwenye kabati la chuma la shangazi yake. Alipangusa nje tu. Ndani ya kabati hilo zilisimama bunduki mbili, na ufunguo wake ulining'inia shingoni mwa Shangazi mchana na usiku, hata alipokwenda kuoga. Risasi hazikukaa pamoja na bunduki. Zilikuwa kwenye sanduku dogo la mbao chini ya kitanda cha Shangazi, chumbani humo humo, na sanduku hilo lilikuwa na kufuli jingine.

Chiriku halikuwa jina lake la shuleni. Alipewa kwa sababu ya mdomo wake. Alisema akiamka, alisema akila, na akikosa mtu wa kusema naye alisema na kuku. "Mkiona mtoto huyu amenyamaza," Shangazi alizoea kuwaambia majirani, "niitieni daktari."

Shangazi alikuwa askari wa wanyamapori kwa miaka mingi kabla ya kustaafu. Sasa alikuwa na kibali cha kupiga wanyama wadogo wanaoharibu mazao, na wakulima walimwita pale mitego na uzio vilipowashinda. Katika mambo mengine yote alipenda mzaha, ila si katika bunduki. Tena alikuwa na tabia moja. Karatasi yoyote iliyoingia nyumbani, iwe barua au maelezo ya dawa ya kuku, alimpa Chiriku aisome kwa sauti. "Hebu nisikie," alisema, "kama huko shuleni mnasoma au mnakwenda kucheza."

Jumamosi hiyo, Chiriku alipomaliza tu kupangusa kabati, mtu alibisha hodi. Alikuwa Mwenye Bustani, mwanamume mrefu aliyelima kabichi upande wa pili wa barabara. Viatu vyake vya mpira vilijaa tope mpaka magotini.

"Dada, sungura wamenimaliza," alisema hata kabla ya kuketi. "Mistari minne imekwenda. Nimeweka uzio, wamechimba chini yake. Nimeweka mitego, wanairuka. Sasa naona kama ninawalimia wao."

"Wana bahati. Mimi sina mtu wa kunilimia," Shangazi alijibu.

"Usinicheke, dada. Njoo na ile bunduki kubwa. Piga mara moja tu, mlio wake wausikie mpaka wajukuu zao."

Shangazi alitikisa kichwa. "Ile kubwa risasi yake ikishamtoka sungura bado ina safari ndefu. Itapita kabichi, itavuka barabara, na itamtafuta mtu ambaye hata hajui kama una bustani. Unataka kuua mbu ukutani kwa shoka? Mbu atakufa, ndiyo, lakini na ukuta utabomoka."

"Basi lete ndogo."

"Ngoja kwanza. Nyuma ya kabichi kuna nini?"

"Tuta la udongo, refu kuliko mimi."

"Hilo zuri. Kushoto?"

"Machimbo ya kokoto."

"Na ardhi yenyewe?"

Mwenye Bustani alijikuna kidevu. "Mawe matupu, dada. Jembe langu limebaki nusu."

Shangazi aliinama, akavuta sanduku la mbao, akafungua kufuli na kutoa makasha mawili ya karatasi ngumu, moja la bluu na moja jekundu. Alichukua risasi moja kutoka kila kasha, akazisimamisha mezani. Zilikuwa ndogo kama misumari mifupi, na zilifanana kama mapacha.

"Chiriku, njoo uangalie. Kwa macho tu, mikono nyuma. Unaona tofauti gani?"

Chiriku aliinama hadi pua ikakaribia meza. "Hii ina kijitundu kwenye ncha. Hii nyingine ncha yake ni ya mviringo."

"Haswa. Zote mbili zinaingia katika bunduki ile ile ndogo, na hapo ndipo penye hatari. Hii ya kasha jekundu ni ngumu na ina kasi. Ikigonga jiwe hudunda kama mpira, na ikishadunda haijui kushoto wala kulia. Hii ya kasha la bluu huenda polepole. Ikimpiga sungura, ncha yake hutanuka na safari huishia hapo. Nayo si ya kuiamini kabisa, ndiyo maana nataka lile tuta nyuma yake. Lakini kwenye mawe kama yako, ni hii ya bluu au nibaki nyumbani."

Walikubaliana iwe kesho yake, kukishapambazuka vizuri. Watu wa machimbo wataambiwa wasianze kazi kabla ya saa mbili. Kisha Shangazi akamgeukia Chiriku na kusema neno ambalo mtoto huyo alilingoja kwa mwaka mzima.

"Umetimiza miaka kumi na miwili. Kesho utakuja nami. Utakaa nyuma yangu na kutazama pande zote. Ukiona kitu hakiko sawa, sema."

"Kusema naweza, Shangazi."

"Najua. Ndiyo maana nimekuchagua."

Shangazi alirudisha kila risasi katika kasha lake, akatoka kumsindikiza mgeni hadi barabarani ili akaonyeshwe lile tuta. Makasha yakabaki mezani.

Punde kichwa kilichomoza dirishani. Alikuwa Msumari, rafiki yake Chiriku, msichana mwembamba mwenye shingo ndefu. Mama yake alikuwa mponda kokoto kule machimboni.

"Nimesikia kesho unakwenda kuwinda," Msumari alisema.

"Siyo kuwinda. Ni kulinda mazao." Chiriku alijitutumua. "Nimefundishwa na risasi. Kuna yenye kijitundu na isiyo na kijitundu."

"Muongo. Kijitundu kwenye risasi? Ni sindano hiyo?"

"Kweli tena."

"Basi nionyeshe. Au umekatazwa, mtoto mdogo?"

Chiriku alitazama mlango. Aliambiwa atazame kwa macho tu, lakini neno "mtoto mdogo" lilimchoma. Akanyoosha mkono kulichukua kasha la bluu. Kiwiko kikagonga lile jekundu, likaanguka. Aliposhtuka na kutaka kulidaka, la bluu nalo likamponyoka. Risasi zikatawanyika sakafuni, zikabingirika chini ya meza na chini ya kitanda.

Lango la nje likalia. Kichwa cha Msumari kikatoweka dirishani.

Chiriku alipiga magoti, akazikusanya kwa viganja vyote viwili. Zile za mwanzo aliziangalia ncha. Zilizofuata hakuziangalia, kwa sababu nyayo za Shangazi zilikuwa zimefika uwanjani. Alizijaza kasha la bluu, akalijaza na jekundu, akayaweka mezani na kuchukua kitambaa chake. Shangazi alipoingia, alimkuta akipangusa kabati lililokwisha kupanguswa.

Mchana huo Chiriku hakusema na kuku. Wakati wa chakula alichezea kijiko tu.

"Leo chiriku wangu kameza nini?" Shangazi aliuliza. "Kama ni mwiba, tutautoa."

"Sina kitu, Shangazi."

Alitaka kusema. Lakini akisema, kesho hatakwenda, na huenda asichukuliwe tena. Isitoshe, alijifariji, Shangazi ana macho makali. Humwona sungura kutoka upande wa pili wa bonde. Atakosaje kuona kwamba risasi iliyo mkononi mwake haina kijitundu?

Asubuhi waliondoka jua likiwa limeshachomoza, umande ukilowanisha viatu. Shangazi alichagua mahali palipoinuka kidogo ili apige kuelekea chini, kwenye udongo. Alilala kifudifudi juu ya gunia na kumwonyesha Chiriku pa kukaa, hatua tatu nyuma yake. Kabichi zilitandazwa mbele yao kwa mistari, na tuta lilisimama nyuma ya kabichi. Kushoto, vichaka viliyaficha machimbo. Kulikuwa kimya.

Hawakungoja sana. Sungura mnene alitokea chini ya uzio, akaketi na kuanza kutafuna bila haraka, kama mtu aliyeagiza chakula chake na kuletewa.

Shangazi alifungua kasha la bluu. Aliingiza vidole, akatoa risasi moja na kuipeleka kwenye bunduki, macho yake yakiwa kule kwa sungura. Hakuitazama hata kidogo. Chiriku aliitazama. Jua liliimulika ncha yake ilipokuwa ikiingia, na ncha ile ilikuwa ya mviringo, laini kama punje ya mtama.

Shangazi aliegemeza shavu kwenye kitako cha bunduki.

"Shangazi, usipige."

Sauti ilitoka ndogo, lakini ilitosha. Shangazi hakuuliza kwa nini. Kwanza aliondoa kidole, akafungua bunduki, akatoa risasi na kuilaza bunduki juu ya gunia ikiwa wazi, mtutu ukielekea tuta. Hapo ndipo alipogeuka.

"Umeona nini?"

"Hiyo risasi ni ya kasha jekundu. Haina kijitundu." Machozi yalikuwa yameshamtoka. "Jana niliyaangusha makasha yote mawili. Nilitaka kumwonyesha Msumari. Nikazirudisha ovyo nikanyamaza, kwa sababu nilitaka kuja."

Shangazi aliishika risasi kwa vidole viwili, akaileta karibu na macho, akaisogeza mbali kidogo, kisha mbali zaidi, mpaka mkono ukanyooka wote. Akakunja uso. Akaigeuzageuza kwenye mwanga.

Chiriku alisahau kulia. Alikumbuka zile barua, na yale maelezo ya dawa ya kuku.

"Shangazi, huoni?"

Shangazi aliifumba risasi kiganjani. "Vya mbali naviona vyote," alisema hatimaye. "Vya karibu ndivyo vinavyonikimbia. Ni kama mwaka sasa. Mikono yangu imekuwa mifupi, haifiki tena pale macho yanapoanza kuona."

"Sasa risasi unazijuaje?"

"Kwa rangi ya kasha."

Mara, kutoka nyuma ya vichaka, walisikia nyundo: ko, ko, ko. Mtu alikuwa ameshaanza kuponda kokoto. Baadaye walijua kwamba habari za saa mbili zilifika kwa wenzake, yeye hakuambiwa. Lakini wakati ule ule Chiriku aliitambua sauti iliyokuwa ikiimba pamoja na ile nyundo. Alikuwa mama yake Msumari.

Shangazi alilifunga kasha la bluu taratibu, akalitia mfukoni. Akaivalisha bunduki mfuko wake. Alichukua muda mrefu kufunga kamba.

"Twende nyumbani," alisema.

Sungura aliendelea kula.

Mwenye Bustani, aliyekuwa akingoja barabarani, alishangaa kuwaona wakirudi mikono mitupu. "Dada, mbona sijasikia hata mlio?"

"Kwa sababu sijapiga. Risasi zangu zimechanganyika, na macho yangu nayo yana kasoro. Nivumilie kidogo."

"Kila wiki ni mstari mwingine wa kabichi."

"Mstari huo nitakusaidia kuupanda tena mimi mwenyewe. Kabichi hupandwa tena."

Mwenye Bustani alitazama upande ilikotoka sauti ya nyundo. Akatikisa kichwa kukubali.

Nyumbani Shangazi alileta sahani nyeupe, akaiweka mezani karibu na dirisha. Alimimina risasi chache chache. Chiriku alisimama akiwa ameshika mikono yake nyuma ya mgongo, akainama na kutaja moja baada ya nyingine: "Kijitundu. Mviringo. Mviringo. Kijitundu." Shangazi alizitenga kila moja upande wake. Nane za mviringo zilikuwa katika kasha la bluu, na nane zenye kijitundu zilikuwa katika lile jekundu. Walirudia mara ya pili, na mara ya tatu.

Kisha Shangazi akatoa adhabu. "Jumamosi ijayo hutatoka nyumbani. Siyo kwa sababu umesema. Ni kwa sababu uligusa, na kwa sababu ulilala na jambo lile usiku mzima."

"Ndiyo, Shangazi."

"Na mimi sitatoka na bunduki mpaka nipimwe macho. Tutafungiwa wote wawili. Niliacha risasi mezani nikaondoka, kosa ambalo hata askari mpya hawezi kusamehewa."

Jumatatu alikwenda hospitali kupimwa macho, na alipotoka huko alipitia ofisi iliyompa kibali. Aliogopa watamnyang'anya. Waliandika tu kwamba asishike bunduki bila miwani, wakamshukuru kwa kusema mwenyewe.

Wiki mbili baadaye Shangazi alilala tena juu ya gunia lile lile, Chiriku akiwa nyuma yake, baada ya kwenda mwenyewe machimboni na kuhesabu wapondaji wote wakiwa wamekaa barabarani wakinywa chai. Alisukuma miwani puani, akaitazama ncha ya risasi, akamwonyesha na Chiriku. Alipiga mara mbili asubuhi hiyo. Sungura wawili walilala, na risasi hazikwenda popote. Wengine walikimbia, na Mwenye Bustani akapata nafasi ya kuuzika uzio wake chini zaidi.

Walipofika nyumbani, Shangazi alichukua lile kasha la bluu na kuketi dirishani.

"Leo nisikilize wewe," alisema, akaanza kusoma maandishi madogo ya ubavuni, neno kwa neno, mpaka mwisho. Aliposhusha kasha alimtazama mtoto juu ya miwani. "Unajua, mwanangu, mimi nilifundishwa kuchagua bunduki, na kuchagua risasi, na kuchagua mahali pa kulala. Nilidhani usalama umo humo. Lakini Jumamosi ile wewe ulificha kosa, mimi nikaficha macho, na siri zetu mbili zikakutana ndani ya kasha moja. Mwenye kushika kitu kinachoweza kuua hana haki ya kuwa na siri kama hizo. Kosa lako liseme likiwa bado dogo, hata kama litakunyima kitu unachokipenda. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Shangazi. Na wewe?"

Shangazi alicheka mpaka miwani ikateleza. "Na mimi. Haya, nenda kawape kuku maji. Hawajasikia sauti yako wiki mbili, wanadhani umehama."

Chiriku alitoka na kopo lake. Muda si mrefu Shangazi alimsikia uwanjani, akiwaeleza kuku habari yote tangu mwanzo, bila kuruka hata ile sehemu ya chini ya meza.